Damu Iliyooshwa

Naanza kwa jina la Mola aliyemuumba mtu kwa pande la damu, akaijua kila damu kabla haijapata mshipa wa kupita. Kwake hutoka amana, na kwake hurejea.

Watu wa habari hii ni fundi cherehani, mwana pekee aliyembakia mamaye; na mkewe, mja mzito wa miezi minane; na mama wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sitara, kwa kuwa siri ikiingia kwake haikuona mlango wa kutokea. Wa mwisho alikuwa angali tumboni, na kwa ajili yake wote walikuwa hospitali, maana tangu alfajiri mamaye hakumsikia akicheza.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliiweka kando picha ya tumbo.

"Mtoto amevimba maji, damu inamwishia," alisema. "Mama, damu yako ni hasi. Yake ni chanya, kairithi kwa baba. Mwili wako unamwona mgeni aliyevunja mlango, unamtumia askari. Lakini askari hawa hawazuki vivi hivi. Mimba ya kwanza huwafundisha, ya pili ndiyo hupigwa. Uliwahi kushika nyingine?"

Mke alimtazama mkwewe. Bi Sitara alitazama kucha zake.

"Iliharibika, nyumbani," mke alisema. "Mama alinisafisha, akaisitiri. Alisema mambo ya chumbani hayapangi foleni hospitali."

"Ungeletwa siku ile, ungechomwa sindano, na yamkini askari hao wasingezaliwa."

Fundi alikwisha kunja mkono wa shati. "Nitoe mimi, daktari, hadi tone la mwisho. Mimi ndiye baba. Damu yangu si ndiyo yake?"

"Ndiyo yake, na ndiyo inayopigwa vita. Kumwongezea hiyo ni kuongeza kuni motoni. Tunataka O hasi, na benki ya damu haina hata mfuko."

Fundi, aliyezoea kuwatambia wateja kwamba hakuna nguo iliyomshinda kupunguza wala kuongeza, alibaki na mkono wazi, hajui aurudishie shati au auache. Wajomba wakapimwa, mashemeji wakapimwa, jirani aliyekuja kuleta uji naye akapimwa. Wote chanya.

"Mbona mimi mnanipita kama kiti?" Bi Sitara aliuliza.

"Mama, kwa umri wako..." mtaalamu wa maabara alianza.

"Umri wangu umeuona kwenye meno? Nipime, baba!"

Mtaalamu alimpima, akarudia kupima. O hasi. Akamwuliza amezaa mara ngapi.

"Tano. Wa kwanza ndiye huyu fundi. Wanne waliomfuata waligeuka manjano, wakafa. Watu walisema jicho baya, nami nikanyamaza. Kumbe nami ninao hao askari?"

"Umejaa, mama. Ila wanaogelea kwenye maji ya damu tu. Chembe nyekundu zenyewe hazina neno. Tutaziosha, maji hayo yamwagwe, zibaki chembe tupu."

Bi Sitara alicheka kicheko kikavu. "Nimeosha maiti za wanangu, leo mwaniosha damu. Toa, mwanangu, na uoshe upesi."

Lakini kuosha kuna muda wake, na moyo wa mtoto ulikuwa ukififia. Daktari hakuweza kungoja, akapasua. Mfuko ulipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtoto alikuwa amekwisha funikwa. Hakulia hata mara moja. Na tumbo la uzazi la mamaye lilikataa kujikaza, damu ikimtoka kama maji ya mfereji.

"Mpeni mama," daktari aliamuru. "Hiyo hiyo. Upesi."

Basi damu ya mkwe iliyokusudiwa mjukuu ikashuka, tone baada ya tone, katika mkono wa mkaza mwana.

Mke alipozinduka, Bi Sitara alikuwa ameshika kidole chake.

"Mama, mtoto?"

"Ametangulia, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Na mlango wa kifo chake niliufungua mimi, siku ile nilipokuficha nikauita uficho sitara."

Mke aligeuza uso ukutani, akalia bila sauti. Lakini kidole hakukichomoa.

Fundi alikwenda kumkatia mwanawe sanda, nguo ndogo kuliko zote alizopata kukata. Naye Bi Sitara akasimama katikati ya wodi, mbele ya wanawake asiowajua, akasema kwa sauti iliyopasuka: "Mimba ikikutokeni, msijifiche. Njooni. Ulizeni damu zenu."

Ewe Mola, uliyemchukua mdogo kabla hajapewa jina, mfanye kiongozi wa wazazi wake. Na hawa waliobaki, mama na mkaza mwana wenye damu moja sasa katika mishipa miwili, na fundi aliye kati yao, watie subira, uwaunganishe, wala usiwaache peke yao. Amina.