Shatha Hakuvaa Kanzu

Siku zile, kila Ijumaa baada ya sala, tulikutana kwa Shatha, chumba juu ya gereji kule Ghala, Maskati. Chini kunanuka oili, juu udi. Siku hizi kila mtu kaoa au kahama, na mie natamani hata ile oili.

Tulikuwa vijana watano, wanaume tunaopenda wanaume. Ndani tukiitana "bibi", tukisutana mpaka machozi yanatutoka kwa kucheka. Magharibi ikikaribia tunavaa kanzu na kofia, tunarudi kwa mama zetu, waume wazima. Shatha, wa sita, aliyetukusanya, kwake "bibi" halikuwa mchezo. Alizaliwa akaitwa Muatasim, lakini ni mwanamke, na kanzu ya kurudia hakuwa nayo.

Ijumaa moja Hatem akapanga twende pwani ya Yiti tukachome samaki. Hatem alikuwa mwoga. Paka akipiga chafya, yeye anatafuta viatu.

"Shatha, roho yangu," akasema, "leo vaa kanzu. Tusije tukatazamwa."

"Nikivaa kanzu atakuja Muatasim. Mie simjui. Wewe unamjua?"

"Siku moja tu, bibi!"

"Nendeni. Samaki nshamtia viungo, mchukueni."

Nikamwambia Hatem, "Umemfungia mwenye nyumba nyumbani kwake." Hakucheka mtu. Shatha mwenyewe akanisukuma mlangoni: "Nenda bwana, usinilinde kama maiti."

Kule Yiti, kwenye vibanda vya ufukweni, mlinzi akachungulia garini. Wanaume watano, hata abaya moja hamna.

"Familia tu. Rudini."

Hatem akapiga simu, spika wazi. "Shatha, habibti, vaa abaya yako, tunakuja kukuchukua!"

"Mchana nilikuwa wa kufichwa. Saa hizi nshakuwa familia?"

Tukasogeza gari mbali na geti, mlinzi asisikie.

"Hatem, mie si kibali cha kupitia getini. Ulinikatalia nini? Sema."

Hatem akasema, "Nliogopa. Wakikuona wewe, watatujua na sisi."

"Na mie naogopa kila siku," akasema Shatha. "Na bado natoka. Haya, njooni nyumbani. Yiti leo siendi."

Tukageuza gari. Samaki tulimchoma juu ya paa la gereji. Shatha kakaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, abaya yake imemkaa, mguu juu ya mguu. Hatem kachutama mbele ya makaa, anapepea, moshi wote machoni.

"Geuza, bwana! Huyo anaungua!"

"Nageuza, dada."

Hakuna aliyecheka kwa hilo neno. Shatha akasogeza kiti, moshi usimfike.