Tumbo la Jabali

Kila asubuhi saa moja na nusu Kimya ndiye aliyefungua ofisi, maana aliyefika wa kwanza alisalimiwa na mtu mmoja mmoja, na aliyechelewa alilazimika kusalimia chumba kizima. Alitundika mkoba nyuma ya mlango. Alipangusa skrini sita kwa kitambaa chenye unyevu, akianzia ile ya dirishani, akachonga penseli tatu ambazo hakuna aliyezitumia tangu kompyuta ziingie, kisha akaenda kujaza birika. Jumatatu hiyo hakulifikia birika. Kati ya mashine ya kuchapa na meza ya chai alisimama kobe mwenye ukubwa wa gari la kusambazia mikate, na kilima mgongoni.

"Samahani," alisema Kimya. "Naomba kupita."

Kobe akaurudisha ndani mguu wake wa nyuma. Kimya akapita, akajaza birika, akaliwasha, ndipo akageuka kumtazama vizuri.

Alikuwa Jabali. Ofisi yao ilichora viumbe wa mchezo wa video, ule ambao mchezaji anazunguka misituni na majangwani akikamata viumbe na kuwalea mpaka wakue. Jabali alikuwa kiumbe namba mia moja na kumi na mbili. Alianza akiwa anaenea kiganjani, na mchezaji mwenye subira ya kumtembeza alimwona akiota nyasi mgongoni, kisha mawe, kisha mti mmoja uliopinda. Kimya alimchora kwa wiki saba mwaka uliopita, wakati magoti ya bibi yake yalipokuwa mabaya sana. Ndiyo maana Jabali alipoinuka aliinuka kama bibi: kwanza anafikiri, kisha upande mmoja, kisha wa pili.

Alipomaliza kumchora alifuta jina lake kwenye pembe ya mchoro na kuandika la Mwalimu. Wachoraji wote wa ofisi ile walifanya hivyo. Ilikuwa hatua ya mwisho ya kazi, kama kuosha mikono. Mwalimu aliwafundisha wengi wao chuoni kabla ya kufungua ofisi, na alikuwa ameshawaeleza kwamba jina moja watu hulikumbuka, lakini majina sita ni orodha tu.

Wa pili kufika alikuwa Mama Rangi, aliyepaka rangi michoro yote, mwanamke mwenye sauti ya kutangulia mwili wake. Alisikika ngazini kabla hajaonekana mlangoni. Alipoingia aliweka mikono kiunoni.

"Nilisema mimi," alisema. "Si nilisema? Kijani hiki kikitoka kwenye skrini kitakuwa cheusi. Mtazame mwenyewe, kama chupa ya dawa ya kikohozi."

"Mimi naona kimempendeza," alisema Kimya.

"Wewe kila kitu kinapendeza. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Mama Rangi."

"Marahaba. Mwambie mwenzio asogee, anakaa kwenye waya wangu."

Mlango wa ofisi ulikuwa na upana wa mtu mmoja na mkoba wake, lakini hakuna aliyeuliza kobe ameingiaje. Mlinzi wa jengo alikuja na daftari la wageni, akataka jina na saa ya kuingia, wakamwandikia. Saa tatu akafika Mwalimu mwenyewe, koti begani, akampigapiga kobe kwenye gamba.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alimwambia.

Kobe akamtazama Kimya. Kimya akatazama birika.

Walimletea kabichi na karoti, naye akala kwa adabu, polepole, huku amefumba macho nusu. Ilipofika saa sita, chini yake palikuwa na lundo la kabichi na karoti zilizotafunwa vizuri.

"Huyu ana tatizo la tumbo," alisema Mama Rangi.

Kimya alikuwa ameshalala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye kigae. "Hana tumbo," alisema kutoka huko chini.

Ilikuwa kweli. Pale ambapo tumbo lingekuwa palikuwa na vile vimraba vyeupe na vya kijivu ambavyo programu ya kuchorea huonyesha mahali ambapo bado hapajachorwa kitu. Mwalimu alikuwa na kanuni kwamba kisichoonekana na mchezaji hakichorwi, ni kupoteza muda. Viumbe wote walichorwa mbele, nyuma na ubavuni. Hapakuwa na mchezaji ambaye angemgeuza Jabali chali, kwa hiyo tumbo lake halikuwahi kumhusu mtu.

Jumanne majani ya ule mti mgongoni yalianza kuwa ya njano. Jiwe moja liliporomoka kutoka kilimani na kuvunja kikombe. Jabali aliendelea kula na chakula kiliendelea kuanguka, na alipojaribu kuinuka alifikiri muda mrefu sana kisha akaacha. Mwalimu alitembea huku na huko. Alhamisi wangekuja wageni kutoka kampuni iliyonunua mchezo, na walikuwa wameshaambiwa kwamba watamkuta Jabali mwenyewe.

"Lete brashi," alisema hatimaye. "Tumbo ni kazi ya dakika kumi."

Walimwinua kobe kwa jeki ya gari. Mwalimu akavua saa, akatandika maboksi, akaingia chini. Alichora mstari wa kwanza kutoka kooni. Mstari ulikaa kidogo, kisha ukabanduka na kuanguka sakafuni kama uzi kutoka kwenye meza ya fundi wa nguo. Akabadili brashi akachora wa pili, akabadili tena akachora wa tatu. Yote ikaanguka. Mama Rangi alichukua ufagio na kuikusanya.

"Brashi mbovu," ilisema sauti ya Mwalimu.

"Hiyo ya tatu, Mwalimu."

"Basi ni wino."

"Wino nimeuchanganya mimi," alisema Mama Rangi, "na hapa nje unashika hata kwenye vidole vyangu."

Kila mtu mle chumbani alijua nani alimchora Jabali, na kila mmoja alikuwa na kiumbe wake mahali fulani mwenye jina la Mwalimu. Wote wakarudi kwenye skrini zao. Kimya alihisi masikio yake yanawaka moto kama vile ni yeye aliyefanya kosa. Mwalimu akatoka chini ya kobe akijikung'uta, akasema kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani mapema.

Nyumbani, bibi yake Kimya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amekunja nguo hadi juu ya magoti, anasubiri kupakwa dawa.

"Mke mwenzangu umechelewa," alisema. "Ulikuwa unanitafutia mume mwingine?"

"Kobe amekuja kazini, Bibi."

"Yupi? Yule mwenye magoti yangu?"

"Huyohuyo."

"Hajambo?"

"Hana tumbo. Chakula kinapita tu." Kimya alipiga magoti na kuanza kumpaka. "Sisi hatuchori matumbo."

"Watu gani nyie. Mnampa mtu mdomo halafu hamumpi tumbo." Bibi alinyoosha mguu wa pili. "Si umchoree?"

"Nikimchorea, mstari utashika. Wa Mwalimu umekataa leo mbele ya watu. Wakiona wangu umeshika..."

"Watajua kwamba ni wako."

"Ndiyo."

"Na wewe hutaki wajue?"

Kimya alifunga kopo la dawa kwa uangalifu, kana kwamba lingemwagika. Alitaka wajue kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote. "Nataka," alisema. "Ila wajue nikiwa nimetoka."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza alijifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Haya, mwanamke mwenzangu. Wewe subiri utoke. Na mwenzio asubiri kula."

Jumatano Kimya alifika saa kumi na mbili. Hakupangusa skrini yoyote. Alichukua brashi ya tatu, ileile iliyoitwa mbovu, na bakuli la wino, akaingia chini ya Jabali akalala chali kwenye maboksi. Alichora mstari mmoja mrefu kutoka kooni hadi mkiani. Akahesabu hadi ishirini. Mstari ulibaki pale ulipo.

Akaendelea. Alichora vigae vya tumbo kimoja baada ya kingine, vikubwa katikati, vidogo kwapani, na ndani ya kila kigae duara za umri, kwa sababu hata kama hakuna atakayeziona, Jabali mwenyewe angejua kama hazipo. Vimraba vya kijivu vilipotea kimoja kimoja nyuma ya brashi yake. Kulikuwa na joto kule chini na harufu ya nyasi mbichi. Bila kujua, alianza kuimba puani.

Wenzake walifika, wakaona miguu yake inachungulia chini ya kobe, wakaenda kuketi. Mama Rangi alivua viatu, akaingia kwa upande wa pili akipumua kwa nguvu.

"Sogea. Safari hii rangi nachagua mimi bila kuulizwa. Rangi ya chai ya maziwa. Unabisha?"

"Sibishi."

"Ungebisha ningekupaka na wewe."

Mwalimu alipofika alisimama kitambo mlangoni. Kisha akavua koti, akatoa tochi mezani, akachuchumaa na kuwamulikia. Aliishika vizuri, bila kutikisa, akiifuata brashi kila ilikokwenda.

"Mkono wako ni mzuri," alisema baada ya muda. "Nilikufundisha vizuri."

"Asante, Mwalimu," alisema Kimya, na hakuwa anamkejeli. Ni kweli alimfundisha kushika brashi.

Karibu na mkia palibaki nafasi ndogo, yenye upana wa jina moja. Kimya akaisogeza brashi pale, ikasimama. Mwanga wa tochi ukahama, ukaenda kumulika kooni, mahali palipokwisha kukauka. Kimya akangoja. Mwanga haukurudi. Akaijaza ile nafasi kwa kigae kingine.

Waliteremsha jeki. Mama Rangi akamlisha kobe jani moja la kabichi, na watu wote sita wakainama na kuchungulia chini yake. Jani halikuanguka. Wakampa jingine, kisha kabichi nzima. Mchana ule Jabali alifikiri, akainuka upande mmoja, akainuka na wa pili, akazunguka ofisi yote bila kugonga meza hata moja, akarudi kulala kando ya kiti cha Kimya. Kimya alivua viatu akaingiza nyayo chini ya gamba. Tumbo lilikuwa la moto kama mkate. Alifanya kazi hivyo mpaka jioni, na hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi vile akiwa mbele ya watu.

Alhamisi wageni walikuwa watatu, na aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyemwamkia kobe kabla ya kuwaamkia watu. Mwalimu aliwasimulia jinsi wazo la Jabali lilivyomjia siku moja akiwa peke yake, akitazama mlima kwa mbali. Alisimulia vizuri. Hata Kimya, aliyekuwa anazunguka na sinia la chai, aliuona ule mlima.

"Hongera sana," alisema mama mwenye miwani. "Sasa sisi tunaomba mwenza wake. Kobe jike. Tutampata lini?"

"Wiki saba," alisema Mwalimu. "Namchora mwenyewe. Huyu binti hunisaidia kusafisha mistari."

Maboksi ya mchezo yalikuwa yameshapakiwa kwenye magari tangu asubuhi. Jina lililochapwa ubavuni mwa maboksi hayo lilikuwa la Mwalimu, na lilibaki hilo mwaka ule na miaka yote iliyofuata. Kimya aliliweka sinia juu ya gamba la Jabali, kati ya mawe mawili, kwa sababu vikombe vilikuwa vinapiga kelele.

"Nilimchora mimi," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Ilifika kwenye mti uliopinda ikaishia hapo.

"Anasemaje?" aliuliza mama mwenye miwani.

"Anasema chai iko tayari," alisema Mwalimu, akitabasamu.

Wageni wakatabasamu pia. Mama Rangi aliacha kuchanganya rangi. Jabali aliendelea kutafuna.

"Sijasema chai," alisema Kimya, na safari hii walimsikia mpaka ngazini. "Kobe huyu nilimchora mimi, Mwalimu, na jana nikichora tumbo lake ulinishikia tochi."