Keki Topeni

Ni mimi niliyesema tupite njia ya mkato kwenda kanisani. Shemeji yangu Arlys, mjane wa kaka yangu, alikuwa ameipakata keki ya harusi ya mwanawe Wendell. Changarawe ilikuwa nzuri mpaka tulipoteremka kwenye magenge ya udongo, mvua ikatukuta. Udongo wa kwetu Dakota ukilowa hunata kama gundi. Pikapu yangu ikagoma kwenda mbele wala nyuma.

"Delmer, miaka yote hii umeishi bure," alisema Arlys.

"Shemeji, wewe shika keki."

Saa nzima hakupita hata ng'ombe. Kisha ikatokea pikapu kutoka upande wa kanisani, mbio, ikateleza ikaingia mtaroni kando yetu. Akashuka Wendell na suti yake. Kwenye kiti cha pikapu yake kulikuwa na begi la safari.

"Nimekuja kuwatafuta, mama."

"Nani alikwambia tumepita huku?"

Arlys akaomba kisu changu cha mfukoni, akamkatia Wendell kipande cha keki. "Kula. Najua hujala tangu jana."

Akala huku machozi yanamtoka. "Naogopa. Baba alikaa na wewe miaka arobaini bila kukwambia neno."

"Aliniambia mengi. Wewe hukuwepo."

Ndipo bibi harusi, Marnie, alipofika na trekta la baba yake, gauni amelikunja kiunoni, miguuni mabuti ya zizini. Alikuwa amefuata alama za matairi ya Wendell. Akalitazama begi, kisha keki.

"Mnakula keki yangu?"

"Kidogo tu," nilisema.

"Wendell, unakwenda au unarudi?"

Wendell akapangusa makombo mdomoni. "Sijui."

"Basi kaa hapa ujue. Natoa keki kwanza."

Akatuvuta mimi na Arlys na pikapu yangu hadi kwenye lami. Kisha akageuza trekta kumrudia Wendell. Njiani, alitusimulia baadaye, alijiambia akikuta mtu ameshaondoka kwa miguu, hatamfuata. Alimkuta Wendell amelala kifudifudi topeni na suti yake, anafunga mnyororo wa kuvutia kwenye pikapu yake.

"Nimeshafunga," alisema. "Vuta."

Walifunga ndoa saa tisa alasiri. Mchungaji alitandika magazeti kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, na Arlys akawaambia wageni kwamba keki imeliwa na panya.