Kuvu Kwenye Kidole cha Ndambuki

Kila asubuhi Mbula aliinamia trei za mayai ya trauti katika kituo cha kuangulia samaki kando ya mto Chania, juu kidogo ya Thika, akiyaondoa yaliyokufa kwa unyoya wa bata. Yai lililokufa hugeuka jeupe. Likiachwa, huota kuvu kama pamba, na kuvu hiyo huyatambalia mayai hai mpaka trei nzima iishe. Ili kuizuia, mayai hutiwa dawa ya kijani.

Mwaka wa hamsini na nne askari walikuja kuwasaka waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni, wakawapanga wafanyakazi uani. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho alipita mbele yao kimya. Alipofika kwa Nzau, mumewe Mbula, alinyoosha kidole. Nzau alipandishwa lori akiwa bado na buti za maji.

Kesho yake Ndambuki, nyapara wa kituo, alifika kazini kidole chake cha shahada kikiwa kimeota pamba nyeupe. Wenzake walikiona, wakaendelea kubeba maji.

Saa ya chakula alimfuata Mbula ndani, akafunga mlango.

"Mama Mbithe, nitilie ile dawa. Inapanda."

Ilikuwa imefika kiganjani. Mbula alishika chupa bila kuifungua.

"Nzau alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Alikula kiapo?"

"Sijui." Ndambuki aliutazama mlango. "Walisema nisipotoa mtu, nitapanda lori mimi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Mbula aliwaza kumwacha hivyo hadi kuvu imfike kooni. Lakini Ndambuki alikuwa ameegemea trei, na mayai yaliyo karibu na mkono wake yalishaanza kuwa meupe. Akamwondoa pale, akamtilia dawa.

"Hii hutiwa kila siku," alisema. "Ya kesho utaipata ukishamwambia Bwana maneno hayo hayo."

Wakaenda ofisini kwa Mzungu aliyesimamia kituo. Bwana alisikiliza yote, akakitazama kidole kwa kioo cha kukuzia. Akasema ni kuvu ile ile ya mayai, hakuna shaka, akampa Ndambuki glovu ya mpira asije akachafua trei.

"Na mume wangu, Bwana?"

"Hayo ni ya serikali, Mbula."

Akarudia chai yake.

Mbula aliendelea kumtilia Ndambuki dawa, maana neno alishalitoa. Kuvu haikupanda tena, wala haikuisha. Mayai yakaanguliwa, vifaranga vikapelekwa kwa mikebe kwenye mito ya milimani ili Wazungu wapate kuvua. Habari za Nzau hazikuja.

Mvua za vuli zilipoanza, askari walirudi. Wafanyakazi wakapangwa uani, Mbula safari hii akiwa miongoni mwao. Mtu wa gunia akashuka kwenye lori, mkono mmoja umevaa glovu ya mpira.

"Habari ya asubuhi, nyapara," alisema Odhiambo, mfanyakazi aliyesimama wa kwanza mstarini.

"Nzuri," likajibu gunia, na mkono wenye glovu ukaanza kuinuka.