Neno la Mtani

Tangu aletwe gerezani, Mzee Ngollo hakuwa amefungua kinywa. Askari walimsalimia, akawatazama tu. Wakili alimsihi, akageukia ukuta. Ndipo mahakama ikaomba madaktari wampime. Siku ile alipochoma bani la kukaushia tumbaku kule Kwihara, na mdogo wake Xavery akafia ndani, akili zake zilikuwepo au zilikuwa zimemtoka?

Kazi ya kumhoji alipewa Daktari Najiat. Alikwisha kuwa daktari wa magonjwa ya akili, ila sasa alikuwa akisomea ngazi ya juu zaidi, ya kupima watu wenye kesi, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwalimu wake, Daktari Erasmus, alisafiri naye hadi Tabora, kisha akamwachia uwanja.

"Wewe ni mtoto wa hapa," alimwambia. "Mimi atanificha. Ila onyo usilisahau."

Onyo lenyewe ni maneno machache. Kabla ya swali lolote, daktari wa kazi hii humwambia mtuhumiwa: sikuja kukutibu, nimetumwa na mahakama, utakaloniambia nitalifikisha kwa jaji, na ukitaka kunyamaza ni haki yako.

Najiat alizaliwa Kanyenye, hapo hapo Tabora, lakini ukoo wa baba yake ni Wazaramo waliofuata misafara kutoka pwani, wakalowea. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za njia ile, Mnyamwezi akiwa mpagazi wa mizigo. Basi alipoingia na kumkuta mzee kwenye benchi, mikono mapajani, ulimi ulimtangulia.

"Shikamoo, mtani. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona Mnyamwezi ameketi. Mzigo umemwachia nani?"

Mzee aliinua uso. Mabega yakaanza kutikisika, na askari wa mlangoni akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Marahaba. Nimekuachia wewe," alisema, sauti ikikwaruza kwa kukaa bila kazi. "Ila ninyi Wazaramo mkipewa mzigo mnaugeuza ngoma."

"Na tukipiga mnakuja kucheza. Nani huwa anawaita?"

"Huruma. Tunajua mkipiga ngoma hamjala."

Askari naye akacheka. Najiat alijiambia onyo atalitoa sasa hivi, kicheko kikipoa, maana kumwonya mtani katikati ya utani ni kama kumtemea mate. Lakini kicheko kilizaa kingine. Mara mzee akasema, kwa sauti ile ile ya mzaha:

"Ule moshi ulikuwa unaniita jina, mtani. Kila jioni. Nikaenda pale, nikamwita Xavery. Akaitika. Ndipo nikafunga mlango."

Kalamu ya Najiat ilisimama.

"Akaitika?"

"Akaitika. 'Naam, kaka.'"

Jioni, wakiwa mezani kwenye nyumba ya wageni Mtendeni, Erasmus aliuliza, "Ulimpa onyo?"

"Nilimpa."

Uongo ulipita kooni vizuri. Wali aliuacha sahanini.

Uzito wa neno lile aliujua. Moshi unaoita watu majina ni ugonjwa. Lakini mahakamani huo moshi nani atausikia? Watasikia kwamba aliita, akaitikiwa, akafunga mlango. Na alijua jingine pia, asilofundishwa chuoni. Neno la utani halipelekwi barazani. Mtani hukutukana msibani, hushuka kaburini akakataa kutoka mpaka abembelezwe, na hakuna anayemshitaki. Mzee alisemea ndani ya ua huo wa utani. Na Najiat ndiye aliyemkaribisha humo, huku akijua alikotumwa.

Asubuhi alimwambia mwalimu wake ukweli wote.

Erasmus hakufoka, na bora angefoka. Aliisogeza chai yake pembeni.

"Kusahau onyo ningekufundisha. Huo uongo wa jana sijui naufundishaje. Kesi hii umetoka. Ataitwa mwingine aanze upya, na ulilolisikia lisimfikie hata kwa ishara. Mahakama nitaieleza sababu. Mwaka utaurudia."

"Na mzee?"

"Mzee utamwambia mwenyewe."

Mzee Ngollo alipomwona alitabasamu. "Mzaramo, umerudi? Ngoma imepasuka?"

Najiat hakujibu utani. Alikaa, akalitoa onyo lote, likiwa limechelewa, kisha akasema jana alipaswa kuanza nalo.

Tabasamu lilikaa usoni kwa mzee kidogo, kama mgeni asiyejua kwamba ameshaagwa.

"Kwa hiyo jana hatukuwa tunataniana."

"Tulitaniana, mtani."

"Hapana. Mimi nilitania. Wewe ulikuwa kazini." Akaugeukia ukuta. "Nenda salama, daktari."

Nje ya lango alikuwa amesimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Ni Flavia, mjane wa Xavery. Alikuwa amekuja kutoka Kwihara tangu asubuhi.

"Askari wamesema shemeji alicheka," alisema Flavia. "Ni wewe uliyemchekesha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi na mengine amekwambia." Alimtazama machoni, bila ukali. "Mimi kufungwa kwake hakunirudishii mtu. Nataka kujua moja tu. Alijua kuwa Xavery yumo?"

Jibu lilikuwa mdomoni kwa Najiat, lenye sauti kabisa, lenye "naam" na "kaka" ndani yake.

"Mimi nimetolewa kwenye kesi, mama. Atakuja daktari mwingine."

Flavia alitikisa kichwa taratibu, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Haya. Basi huyo mwingine mwambie amwulize hilo."

"Nitamwambia," alisema Najiat, na huo ukawa uongo wake wa pili.