Namba Hasi ya Mama Praygod

Mwaka 2024 ilikuja Babati kambi ya macho, ya siku moja, kwa wazee wa miaka sitini kwenda juu. Usajili ulipitia tovuti aliyoitengeneza Praygod wa mtaa wa Maisaka, na mji mzima ulishasikia. Ukiandika tarehe ya kuzaliwa, tovuti inaigeuza namba moja ndefu: milisekunde zilizohesabiwa tangu Januari mosi, 1970. Ikitoka hasi, inatupwa.

"Namba hasi ni ya wanaoandika tarehe za mzaha," alisema Praygod. Aliijaribu tovuti kwa tarehe yake na za rafiki zake, wote wa miaka ya tisini. Ikapita kama maji.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Severine, mama yake mzazi. Jicho moja lilishakwenda, la pili lilikuwa linaaga. Mezani alikaa Mwamvita, karani.

"Shikamoo, Mama Praygod. Ulizaliwa lini?"

"Marahaba. Mwaka wa uhuru. Siku yenyewe waulize waliokuwepo."

Mwamvita akaandika Julai mosi, 1961. Asiyejua siku yake hupewa hiyo. Tovuti ikagoma: tarehe si sahihi.

"Mfumo wa mwanao unasema hujazaliwa, mama."

"Na ule uchungu wake aliupata nani?"

Foleni ikacheka. Mwamvita akajaribu 1970. Tarehe ikakubaliwa, umri ukakataliwa: hautoshi. Foleni ikaacha kucheka.

Wakampigia Praygod.

"Mama, mmekosea kuandika. Mfumo wangu haukosei."

"Tumekataliwa thelathini na mmoja, baba."

"Basi mmekosea thelathini na mmoja. Nina wateja hapa."

Bila namba ya usajili madaktari hawakuruhusiwa kugusa jicho la mtu. Walikunywa chai, wakasoma magazeti, saa tisa alasiri wakafunga masanduku, wakaondoka kwenda Singida.

Saa kumi Praygod, kwa kukereka tu, aliandika tarehe ya mama yake. Ikatoka hasi, bilioni mia mbili sitini na nane na ushee. Wenye miaka sitini wote walizaliwa kabla ya 1970, hesabu inapoanzia. Alikuwa amewafungia mlango walewale walioalikwa. Akafuta mstari mmoja, kazi ya sekunde tatu, akamsajili mama.

Alimkuta nyumbani amekaa kitandani, simu mkononi.

"Imelia. Nisomee, herufi sizioni."

Praygod akasoma: "Hongera, Severine. Umesajiliwa. Fika leo kambini."

"Leo hii?"

"Leo."

Mama akainama, akaanza kupapasa sakafuni akitafuta viatu.