Vidonge vya Ijumaa

Mume wangu, Khalfani, alianza kukojoa damu mwezi wa Rajabu, akanificha mpaka nilipoiona katika kikoi chake. Hospitalini walikuta uvimbe ndani ya kibofu cha mkojo, wakachukua kinyama cha kupima.

Daktari Tupokigwe, binti mwenye sauti ya taratibu, alitueleza kwamba mbali na kutafuta saratani, watapima jeni za kinga ndani ya uvimbe wenyewe. Zikiwa zimewaka na kuleta mchochota, ni ishara kwamba mwili unapigana, na mzee ataingizwa katika utafiti wa dawa inayoisaidia kinga hiyo. Zikiwa zimelala, kibofu kitatolewa, na mkojo utapitia tumboni kuingia katika mfuko.

Khalfani hakuuliza juu ya kifo. Aliuliza kama mtu mwenye mfuko huo huweza kusimama safu ya mbele msikitini. Daktari alimjibu kwamba wapo wengi wanaosali nao. 

Baada ya wiki tatu tuliitwa. Ilikuwa saratani, na jeni za kinga zilikuwa zimelala. Daktari aliigeuza karatasi mara mbili, akauliza kama mzee alimeza dawa yoyote kabla ya kuchukuliwa kinyama. Khalfani alikana, naye alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Mimi nilinyamaza. Upasuaji ukapangwa Jumatatu.

Wiki mbili kabla ya kuchukuliwa kinyama, Khalfani alikuwa ametoka kwenda kukojoa mara tatu katikati ya hotuba ya Ijumaa, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Nilikwenda duka la dawa karibu na soko, nikaomba cha kutuliza mwasho wa mkojo. Muuzaji alinifungia vidonge vyeupe katika karatasi isiyo na jina. Kwa kuwa mume wangu huchukia vidonge, nilivisaga, nikavikoroga katika uji wake siku nane. Ijumaa iliyofuata aliketi mpaka mwisho, akaisifu dua yangu, akidhani ndiyo iliyomtuliza. Nikazipokea sifa hizo.

Sasa nilirudi dukani kuuliza vilikuwa vidonge gani.

“Predinisoloni, mama,” alisema muuzaji. “Hiyo inatuliza kila kitu, hata kinga ya mwili.”



Jumapili jioni nilimweleza Khalfani. 

“Mwalimu Somoe,” alisema, akiniita kama walivyoniita wanafunzi wangu, “watoto wa watu uliwachapa kwa kuficha daftari.”



Asubuhi nilirudia maneno yale yale mbele ya daktari. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema huenda vidonge vile ndivyo vilivyoilaza kinga, na huenda sivyo. Kujua kungehitaji kinyama kingine, na kukichukua hadi kupata majibu ni wiki nne. Lakini uvimbe ulikuwa umekwisha kuanza kuugusa ukuta wa kibofu.

“Uvimbe ukivuka ukuta huo, mzee, hata upasuaji hautatosha. Siwezi kukuahidi kwamba uvimbe utatungoja.”

Khalfani alinigeukia. Nilitamani aniulize mimi ningechagua lipi, na niliogopa asije akaniuliza. Hakuniuliza.

“Nitasubiri wiki nne,” alisema.

Daktari aliandika tarehe. Tulipokuwa tukingoja gari, Khalfani alikwenda chooni mara mbili. Mara zote mbili nilikosa ujasiri wa kumwuliza mkojo ulikuwa na rangi gani.